Ukuta wa Upande wa Upepo

Baba mwenye nyumba wetu alikuwa akiamka anasalimia ukuta kwanza, watu baadaye. Anatoka chumbani na kikoi chake, anampita mkewe anayechochea jiko, ananipita mimi niliyeinamia beseni. Namwambia, "Shikamoo, baba," naye hajibu. Anakwenda mpaka upande wa mashariki wa nyumba, anaweka kiganja juu ya matofali, anatulia kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akimaliza ndipo anageuka.

"Marahaba, mpangaji. Umeamkaje?"

Shikamoo yangu ilikuwa imesubiri hewani muda wote huo, na yeye hakuwahi kuisahau hata siku moja.

Nimekaa katika nyumba yake hapa Ipagala tangu nilipotoka Haneti na mtoto mgongoni, na mtoto huyo sasa ana watoto wake. Nashona nguo barazani. Yeye si ndugu yangu, na hata dini zetu ni mbili. Kwenye msiba wake nilikaa na wapishi, ndipo mahali pa mpangaji, na huko jikoni nikasikia watu wakisema marehemu alikuwa mtu wa ibada na mtu wa watu. La kwanza ni kweli. La pili si kweli sana. Alikuwa mtu wa ukuta, na hilo hakuna aliyelisema, labda kwa sababu si jambo la kusemea mtu msibani.

Nyumba yenyewe ni ya matofali ya kuchoma, mengine yameiva vizuri, mengine yameiva upande mmoja tu, na imejengwa kwa udongo. Wengi walijenga hivyo hapa Dodoma. Katikati ya tofali na tofali unawekwa udongo, halafu kwa nje, kwenye vile viungo, unajazwa mchanganyiko wenye nguvu kidogo ili maji yasiingie. Kiangazi upepo unatoka mashariki na vumbi lake, mwezi baada ya mwezi, unakwangua viungo kama mtu anavyokwangua ukoko wa ugali. Mvua zikija zinamalizia. Chini kabisa chumvi ya ardhi inapanda ukutani, unaona unga mweupe, ukiugusa kiungo kinamwagika. Ukiacha hivyo, viungo vinarudi ndani na matofali yanabaki yametokeza kama mbavu za ng'ombe wa mwezi wa kumi.

Yeye hakuwa fundi. Maisha yake yote alikuwa dereva wa malori. Lakini kila mvua zikiisha alichukua kigoda, karai na kijino chake, akaenda kukaa mbele ya ukuta. Kijino ni jina alilokipa yeye: kipande cha chuma kilichokunjwa ncha, kimefungwa mpira kwenye mpini. Alichokonoa kiungo kilichooza mpaka akafika palipo pazima, akafagia vumbi kwa brashi ya viatu, akanyunyiza maji, ndipo akajaza kidogo kidogo kwa kijiko alichokiponda kikawa bapa.

"Mpangaji, acha hiyo cherehani, njoo ushike karai."

Nilikwenda. Mwanzo kwa heshima, baadaye kwa kupenda.

"Usijaze pakavu," alikuwa akiniambia. "Ukuta mkavu una kiu. Utakunywa maji ya mchanganyiko wako wote, kesho kiungo kinatoka kama ganda la karanga."

Alichanganya chokaa na mchanga wa mtoni, na saruji kiasi cha chumvi kwenye mboga. Siku moja nikamuuliza kwa nini asiweke saruji tupu iwe ngumu moja kwa moja.

"Nyinyi wafugaji mnaelewa kwa ng'ombe tu," akasema. "Haya. Ndama umemfunga kwa kamba, akavuta kwa nguvu zake zote. Kinakatika nini?"

"Kamba."

"Umemfunga kwa mnyororo?"

"Shingo."

"Basi. Tofali letu hili ni ndama. Kinachokufa kiwe kiungo, mpangaji. Kiungo utakijaza tena mwakani. Tofali likifa hakuna wa kulizika."

Nilimjibu kwa sababu alikuwa amenichokoza na ng'ombe wangu. "Nyinyi wa Kondoa mnajua sana kuzuia udongo, baba. Ndiyo maana mvua iliwachukulia mashamba mkabaki mnachungulia makorongo."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Na nyinyi wa Haneti? Tembe, udongo juu, udongo chini, mgeni akikohoa paa limemdondokea!" Halafu kicheko kikaisha ghafla, akaendelea kujaza. Akasema, kama vile anauambia ukuta, "Ni kweli lakini. Shamba la mama yangu nililiona likiondoka. Mwaka huu mfereji unauruka. Mwaka ujao unashuka na kupanda. Mwaka mwingine ukimtuma mtoto ng'ambo unamwambia achukue na maji ya kunywa."

Hakurudia kulisema hilo.

Mkewe, tuliyemwita mama mwenye nyumba, alikuwa na ulimi. Mwanamke akija kumtembelea na kuuliza mzee yuko wapi, alijibu, "Yuko kwa bi mdogo." Mgeni akishtuka, anamwonyesha kwa kidole mume wake aliyekaa mbele ya matofali. "Huyo hapo mwenzangu. Mimi mafuta napaka mwenyewe, yeye anapakwa."

"Yeye hajibishani," mumewe alijibu bila kugeuka.

Subira yake yote ilikwenda ukutani. Akishajaza alifunika kwa magunia yaliyolowa, akayamwagia maji asubuhi na jioni ili kiungo kisikauke kwa pupa. Lakini mtu akimweleza habari ndefu kidogo alinyanyuka katikati na kuondoka. Mtoto wake wa kiume, anayefanya kazi ofisini hapa hapa mjini, akipiga simu, alimwambia, "U mzima? Haya," akakata. Aliziba kila tundu la nyumba ile, lakini jino lake lililotoboka alikataa kupeleka hospitali, akatafunia upande mmoja miaka yote niliyomjua. Ndara zake alizifunga kwa kamba ya katani.

Mpangaji haruhusiwi kugonga msumari kwenye kiungo. "Umenigonga mimi," alisema, na alimaanisha. Lakini karibu na dirisha langu, kwenye kiungo cha ukuta ule ule wa mashariki, nyuki wadogo waliingia wakatengeneza mlango wao, kile kibomba chembamba cha nta. Mtu yeyote angedhani mzee ataziba siku ile ile. Hakuziba. Alichokonoa na kujaza kulia kwake, kushoto kwake, juu na chini, na kile kipande akakiacha.

"Hilo si tundu, baba?" nilimuuliza.

"Hilo ni mlango. Hujui tofauti ya tundu na mlango?"

Asali yao hakuwahi kuila. Sijui kwa nini aliwahurumia wale na si wengine. Mchwa aliwaua kwa mikono yake.

Kuna msiba mmoja mtaani ambao baada yake mkewe aliapa hatafuatana naye tena. Wanaume wamekaa nje kwenye viti, wamenyamaza, na yeye kapewa kiti karibu na ukuta wa wafiwa. Kufumba na kufumbua ukucha wake umeingia kwenye kiungo. Mchanga ukaanza kudondoka, chururu, chururu, juu ya kanzu ya jirani yake. Mfiwa mwenyewe akamwona.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nyumba yako ina njaa," akamjibu. "Pole sana na msiba. Lakini ina njaa."

Wiki iliyofuata alikwenda na karai lake akawajazia ukuta ule, bila kuombwa, bila kusema neno. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa pole yake. Yule mfiwa ndiye aliyetangulia kubeba jeneza la mzee juzi.

Sasa nafika mahali ambapo natamani kuacha.

Mvua zilikuwa zimeisha na tulikuwa tumeshamaliza ukuta wa mashariki, mimi na yeye. Magunia bado yalikuwa mabichi. Nikasikia kijino kinakwangua. Nilipotoka nikamkuta amefunua gunia na anatoa viungo tulivyojaza, laini bado, vinatoka kama ute wa mlenda.

"Baba, si huu tulioumaliza juzi?"

"Nani aliumaliza?"

"Mimi na wewe, baba."

Akanitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Angalia ulivyooza. Halafu unasema mtu aliumaliza."

Nikadhani ameona kasoro nisiyoiona. Nilimwamini yeye kuliko macho yangu. Siku ya pili akarudia mahali pale pale, na siku nyingine akahamia pengine, akitoa viungo vilivyokaa imara miaka, vile ambavyo hata kijino kilihangaika navyo. Alichokonoa vizuri, kwa mstari ulionyooka, kwa kina kile kile alichonifundisha. Mkono ulikuwa haujasahau chochote. Kilichopotea ni ile sehemu ya pili. Alifika mwisho wa kuchokonoa, akakaa, akaangalia kijiko na karai kama vitu vya mtu mwingine, akanyanyuka akaenda kuswali.

Basi nikawa namfuata nyuma. Yeye akitoa, mimi nikingoja aingie ndani, nachanganya, nalowesha, najaza. Cherehani ikalala. Lakini udongo wa ndani ulikuwa unamwagika pia, na kiungo kinachofunguliwa na kufungwa kila siku hakishiki. Nilikuwa najua hilo, na niliendelea kujaza.

Mkewe alikificha kijino. Mzee akachukua ufunguo wa mlango. Akafichwa ufunguo, akachukua kijiko cha chai. Vijiko vikafichwa, akatumia kucha, na asubuhi moja tukaona alama nyekundu kwenye ukuta, mstari mzima, na yeye anaendelea tu. Mama mwenye nyumba alikwenda chumbani akarudi na kijino, akakiweka kwenye kiganja chake chenye damu, akakikunja kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Chukua, baba. Chukua uende kwa mwenzangu."

Ulimi ulikuwa ule ule. Halafu akaniuliza mimi, "Tufanyeje, mwanangu?" Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu.

Tofali lilidondoka mchana, juu kidogo ya kitanda changu. Mjukuu wangu alikuwa ametoka kucheza. Mwanga uliingia chumbani kupitia tundu lile ukalala juu ya shuka, na kwa nje nikaona jicho la baba mwenye nyumba linachungulia ndani.

"Kuna mtu humo?" akauliza.

"Ni mimi, baba. Mpangaji."

"Toka. Nyumba hii si salama."

Mtoto wake akaja. Simlaumu, na sitaki asomaye amlaumu. Alizunguka nyumba na shati lake la ofisini, akagusa ukuta, viungo vikamwagika juu ya viatu vyake, akalia pale pale mbele yetu. Mzee walishampeleka hospitali. Walipewa dawa za kumtuliza na wakaambiwa hali hiyo hairudi nyuma.

"Huu ukuta utamwangukia," alisema. "Au utawaangukia nyinyi. Nitapiga plasta nyumba nzima. Akikosa viungo vya kuchokonoa, ataacha."

Mama akaniangalia. Nilijua mzee angesema nini juu ya saruji ngumu kwenye tofali lile laini, habari ya ndama na mnyororo. Lakini mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa anaibomoa nyumba, na mtoto alikuwa anasema kweli, ungemwangukia. Ningesema nini? Nikamwambia huyo mtoto wake, "Sawa."

Mafundi walikuja na waya wa kushikia plasta, mchanga na saruji, wakafanya kazi nzuri. Nyumba ikawa nyeupe ya kijivu, imenyooka kama karatasi. Walipofika kwenye dirisha langu nilikuwa sokoni. Niliporudi, mlango wa nyuki haukuwepo. Wale waliokuwa nje wakitafuta chakula walikuwa wanarudi, wanafika mahali pale, wanagusa saruji, wanarudi nyuma, wanagusa tena. Jioni ile walikuwepo. Kesho yake walikuwepo. Baadaye wakawa wachache, halafu sikuwaona.

Na yeye aliacha kuchokonoa, mtoto wake alisema kweli. Asubuhi ya kwanza alitoka na kikoi chake, akatupita, akafika mashariki, akaweka kiganja. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Akatembea na ukuta mpaka kwenye kona akipapasa, akarudi.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

Hakunijibu. Alimwendea mkewe akamwambia kwa adabu sana, kama mgeni, "Mama, ahsante kwa kunihifadhi. Sasa naomba nirudi kwangu."

"Hapa ndipo kwako."

"Kwangu ni nyumba ya matofali."

Tangu hapo akawa anatoka kwenda kutafuta kwake. Tulimkuta mtaa wa pili, amesimama kwenye ua wa watu na mkono ukutani. Tulimkuta karibu na barabara kuu akiuliza basi la Kondoa. Wenye nyumba hizo walitufahamu, wakampa kiti na maji mpaka tufike. Mtu mmoja tu alimsukuma, akidhani ni mwizi anayepima ukuta. Mkewe alifunga geti kwa kufuli, naye akakaa nyuma ya geti tangu asubuhi akiwa amevaa kanzu safi, tayari kwa safari. Kumtazama pale ilikuwa kazi ngumu kuliko kujaza ukuta.

Mara ya mwisho kuongea naye vizuri ilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye choo cha nje. Saruji ilikuwa imewaishia mafundi, na ukuta wa nyuma wa choo, unaotazama uzio, ukabaki matofali matupu. Sote tulikuwa tumeusahau. Nilikwenda kuanika nguo nikasikia ule mkwaruzo. Nilisimama. Nitasema ukweli, nilifurahi kuusikia.

Alikuwa amekaa chini, kanzu kwenye vumbi, kijino mkononi, na mbele yake mstari ulionyooka. Aliponiona aliinuka kwa shida, akashika ukuta, akajifuta mkono kwenye kanzu.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

Miaka yote ile mimi ndiye niliyempa yeye. Akadhani sijasikia. Akainamisha kichwa kidogo, akarudia kwa sauti zaidi, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama."

Nikakumbuka jinsi alivyokuwa akiiacha yangu isubiri, halafu akairudisha. Singeweza kuiacha ya kwake idondoke.

"Marahaba," nikasema.

Akafurahi. Akaniashiria nikae, nikakaa. Akaweka kidole kwenye kiungo alichokuwa amekitoa, akakiingiza mpaka mwisho.

"Unaona? Kuna mtu anakuja hapa ananichokonolea viungo. Kila siku nakuta mchanga chini. Sijamkamata."

"Labda ni upepo, baba."

"Upepo haunyooshi mstari." Akatikisa kichwa. "Huyu ni mtu anayejua kazi. Ndicho kinachoniuma. Anajua kazi, kwa nini ananibomolea?"

"Sijui, baba."

"Wewe unakaa hapa?"

"Nakaa hapa."

"Basi ukimwona usimpigie kelele za mwizi, watu watamuua. Itakuwa ni mtu mzima. Mkalishe tu chini." Akafikiri. Akaangalia kijino mkononi mwake, akakigeuza, akakipapasa ule mpira wa mpini alioufunga mwenyewe. Halafu akanipa. "Na hiki kifiche. Akija akakiomba, usimpe. Hata akilia."

Nikakipokea. Kilikuwa cha moto kwa kushikwa.

"Sitampa," nikasema.

"Ahsante, mama. Mungu akulipe."

Akaugeukia ukuta, taratibu, akakaa tena kwenye vumbi. Kiganja kikapapasa matofali kikatulia. Halafu ukucha wa kidole chake cha shahada ukaingia kwenye kiungo, na mchanga ukaanza kudondoka, chururu, chururu.

Nikatia kijino mfukoni mwa gauni. Nikaenda kuchota maji, kwa sababu pakavu hapajazwi.